Tumbo Jipya, Damu Ileile

Jumatatu, 7 Julai

Wameondoka sasa hivi. Nimeosha vikombe vyote. Harufu ya maziwa imebaki vidoleni. Walikuja akina mama wa kikundi cha kanisani, kama walivyokuja Ijumaa, kama watakavyokuja Alhamisi. Kila mmoja na chombo chake: maziwa ya mgando, supu ya kwato, sombe, majani ya muhogo, iliyoelea katika mawese, na samli ya Maman Clarisse. Huyu ndiye kiongozi wao. Ana ng'ombe kijijini Nyakabuye na hataki mtu yeyote hapa mjini Kamembe asahau jambo hilo.

Wanamlisha Mama kama mzazi aliyetoka kujifungua. Ndivyo tulivyo. Mwanamke akilazwa hospitali, akirudi, hulishwa mpaka mashavu yake yarudi pia. Desturi nzuri. Itamuua.

Maana Mama hakujifungua. Wala hakuondolewa uvimbe, kama alivyowaambia. Mwishoni mwa Mei alipanda basi kwenda Kigali pamoja na Solange, mwenye saluni karibu na stendi, akaingia katika kliniki ya binafsi, akanyonywa mafuta ya tumbo na kiuno kwa mrija. Kwa hiari yake. Kwa ajili ya umbo. Siri hiyo tunaijua yeye, Solange na mimi, niliyeiona korse, mkanda wa kubana tumbo, chini ya kitenge siku niliyofika likizo kutoka chuoni.

Anakula kila kinacholetwa. Akikataa, wataulizana ni uvimbe gani huo unaokataza samli.

Vidonge vyake vya kolesteroli vimo katika droo ya cherehani. Havijaguswa tangu asafiri. Nilipomuuliza alicheka, akajibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu, ng'ambo ya ziwa.

"Kolesteroli gani tena? Ilitokaka yote na ile mafuta. Niliiona na macho yangu, ndani ya chupa, ya manjano kabisa."

Nani kakwambia hivyo?

"Solange."

Nimeliandika jina hilo. Nitaliandika tena.


Alhamisi, 10 Julai

Nimempeleka kupimwa damu. Nilitumia hila: nilimwambia makovu lazima yakaguliwe. Alitoka bila kula, amenuna, amevaa viatu vya kanisani.

Kolesteroli mbaya imepanda. Iko juu kuliko mwaka jana, kabla ya mrija, kabla ya chupa, kabla ya huyo mwanamke.

Daktari hakupandisha sauti. Nilimkasirikia kidogo kwa utulivu wake. Alieleza kwamba mafuta yaliyonyonywa ni ghala lililo chini ya ngozi, na kwamba kolesteroli ya damuni haikai katika ghala hilo. Hutengenezwa na ini, na sahani ya chakula huiongezea kazi. Mrija haufiki kwenye ini. Mtu akiendelea kula kwa kujaza, mwili uliopoteza ghala moja hutafuta jingine, na safari hii hutafuta ndani, kuzunguka ini na matumbo, mahali ambapo hakuna korse inayobana wala kioo kinachoonyesha.

Kisha akataja chakula. Maharage. Mboga za majani zisizozama katika mafuta. Sambaza, dagaa wa ziwani, na tilapia wa kuchemsha au kuchoma, si wa kukaanga. Uji wa mtama bila siagi. Parachichi kwa kiasi, mayai kwa kiasi, matunda. Nyama isiyo na mafuta, maana kidonda kinahitaji nyama na maharage ili kipone. Chumvi kidogo, kwa sababu chumvi huvimbisha mahali palipokatwa. Samli, kwato, mawese ya kumimina: basi. Vidonge kila siku. Kutembea.

Nikamuuliza Mama: kule kliniki hawakukuambia haya? Akafikiri. Daktari wa kule alisema maneno mengi, akasema, marefu, kwa Kiingereza, na alikuwa akionyesha kwa mikono. Solange ndiye aliyekuwa mkalimani. Maneno yale yote Solange aliyatafsiri hivi: "Anasema iko sawa, ukule vizuri upone."

Mtu alisema maneno ya kumponya mama yangu, na mtu mwingine akayameza njiani.

Njiani Mama alilia. Alililia tumbo: aliogopa litarudi. Moyo hakuutaja hata mara moja.

Mimi sikulia. Mimi nilikuwa natunga mashtaka.


Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda saluni kwake.

Niliingia kama mshitaki anavyoingia mahakamani, na nikapewa kiti cha mteja. Hilo lilinivunjia mwendo. Solange ana umri wa Mama, kiuno cha binti, kucha nyekundu, na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Alikuwa akisuka. Hakuacha kusuka.

Nilimweleza yote. Ini, ghala, vidonge, matokeo ya damu. Nilisema kwa mpangilio, hoja ya kwanza ikibeba ya pili. Chuoni nimewahi kunyamazisha ukumbi mzima kwa hoja dhaifu kuliko hizi.

Alicheka na meno yote.

"Riziki, weye ni wa masomo. Miye ni wa mikono. Bamaman nilibapeleka, hakuna hata moya alikufa. Mama yako analalamika? Hapana. Basi weye unalia juu ya nini?"

Mama halalamiki kwa sababu ulimwambia amepona!

"Sawa, nilimwambia. Na miye nilijifanyia ile ile, na ninakula mpaka ninalamba sahani. Unaniona?" Akageuka nusu, mkono kiunoni, wateja wakashangilia. Kisha akanitazama nyonga. "Na weye, urudi siku ingine nikupime. Hii ya nyuma umeirisi kwa mama."

Kicheko. Saluni nzima. Hata yule aliyekuwa anasukwa alicheka huku kichwa chake kimevutwa upande.

Nilitoka. Nilitembea haraka mpaka sokoni. Haikuwa aibu. Nilijua, waziwazi na kwa furaha mbaya, kwamba nitamvunja mwanamke huyu mbele ya watu wengi kuliko wale.


Jumanne, 15 Julai

Adui yangu amejileta mwenyewe.

Maman Clarisse alitangaza leo, kati ya kikombe na kikombe, kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi kikundi kitakuwa na mgeni wa kuzungumza. Mada: mwanamke ajitunze. Mgeni: Solange. Nilikuwa nimeshika sinia. Nililitua polepole.

Kuna baya zaidi. Maman Clarisse mwenyewe anataka kwenda Kigali. Hakusema hadharani, alimnong'oneza Mama jikoni, nami nilikuwa nyuma ya mlango, nakausha sahani. Amesikia kwamba kuna operesheni inayotoa mafuta na kolesteroli kwa pamoja. Ana presha na damu yake ni nzito. Amechoka kufokewa na manesi kuhusu chakula. Solange amemhakikishia kwamba akirudi atakula samli yake kwa amani mpaka uzeeni. Alimnong'oneza mtu ambaye tumbo lake tayari limepita njia hiyo, na hakujua.

Na Mama je? Alisimama pale, korse imembana, akasema, "Kumbe?"

Walipoondoka nilimwambia nitafanya nini. Nitasimama siku hiyo, Solange akiwa kiti cha mbele, na nitaeleza kila kitu. Mama aliketi kwenye gunia la mchele wa Bugarama.

"Ukisema, miye nitahama Kamembe. Nitarudi Bukavu kwa bashemeji. Hawa bamaman waliniletea maziwa, Riziki. Maziwa! Nitawatazama na macho gani?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba anailinda aibu kuliko mishipa yake ya damu. Nilimwambia kwamba atazikwa na kiuno kizuri.

Aliinuka, akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Sijutii. Nilichosema ni kweli. Lakini siwezi kula.


Ijumaa, 18 Julai

Leo asubuhi, akipanda kutoka sokoni na vitenge vya kushona mkononi, Mama alisimama katikati ya mlima. Mwenye pikipiki alidhani anamsimamisha yeye. Kumbe Mama alikuwa ameshika kifua.

Hospitali. Waya kifuani. Karatasi yenye milima midogo. Nilisubiri nje nikihesabu madirisha, nikasahau, nikaanza upya.

Moyo haujafa sehemu yoyote. Ndivyo walivyosema, na mimi nilisimama pale nikiwashukuru kwa sentensi hiyo ya kutisha. Mishipa inayoulisha imeanza kuwa myembamba. Moyo ukipandishwa mlima, unalalamika. Ameongezewa vidonge. Mwishoni mwa Agosti atapimwa damu tena. Isiposhuka atapelekwa Kigali, hospitali kubwa, kwa daktari wa moyo. Chakula kibadilike leo. Si kesho.

Alipotoka alikuwa mdogo. Nilimshika mkono, na mkono ulikuwa baridi, na nikamchukia Solange kwa chuki safi, isiyo na punje ya mchanga ndani yake.


Jumapili, 20 Julai

Habari imefika kanisani kwamba Maman Riziki amepelekwa hospitali tena. Nini kikafuata? Wamekuja wote. Wamekuja na chakula mara mbili ya kile cha mwanzo. Supu ya kwato yenye ngozi ya mafuta juu, nene, unaweza kuichana kwa kijiko. Maman Clarisse ameleta samli katika kibuyu kipya, akaimimina kwenye uji kwa mkono wake, akamshikia Mama kikombe kama mtoto.

"Kunywa, dada. Damu imekupungukia."

Na Mama alifungua mdomo.

Nilikichukua kikombe kile. Nilikichukua kutoka mkononi mwa Maman Clarisse, nikatoka nacho nje, nikakimwaga kwenye mfereji. Kisha nikarudi, nikachukua kibuyu, nikamwaga samli yote. Kisha maziwa.

Niandike tena, ili niamini: nilimwaga maziwa. Mbele ya watu waliokuja kumwona mgonjwa. Katika nchi hii. Bibi yangu angenifukuza nyumbani kwa tone moja.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Waliinuka mmoja mmoja, wakajifunga vitenge vyao vizuri. Maman Clarisse alisimama mlangoni na kibuyu chake kitupu, akakipindua, akatazama ndani.

"Hii ng'ombe ilikuwa ya mama yangu," alisema. Basi.

Mama aligeukia ukutani. Hajanisemesha mpaka sasa.


Jumatatu, 21 Julai

Mji umenihukumu kabla ya chai.

Muuza mkaa ameniambia anasikia namshindisha mama yangu njaa. Sokoni wanasema nataka kurithi nyumba. Msichana tuliyesoma naye shule ya msingi, ambaye sasa anauza vocha, alinikodolea macho akasema kwa sauti ya wote kusikia: "Ule wa chuo! Banamfundishaka kumwaga maziwa!" Wenye pikipiki wakacheka. Mmoja akaniuliza kama kuna diploma yake.

Na kikundi kimeniita. Maman Clarisse ametuma ujumbe, kwa heshima kavu: nifike kwenye mkutano wa Jumapili, nisimame, niombe radhi kwa kikundi na kwa ng'ombe wake. Kwa ng'ombe. Sikubuni neno hilo.

Nimesoma ujumbe ule nikatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Wananiita nisimame. Wananipa jukwaa, wananipa masikio, na kiti cha mbele wamemkalisha yule ninayemtaka.

Nitafika. Nitasimama.


Ijumaa, 25 Julai

Wiki nzima bila mgeni. Mlango wetu umekuwa mlango wa wagonjwa wa kuambukiza. Ninampikia Mama. Maharage, mchicha wa lengalenga, sambaza wa kuchemsha na limau na pilipili kidogo. Anakula akitazama sahani kana kwamba inamtukana. Anameza vidonge. Hatuzungumzi ila mambo ya chumvi.

Hotuba yangu iko tayari. Nimeijenga kama nyumba. Mlango: ninakiri kumwaga. Ukumbi: ninaeleza kwa nini. Vyumba: ini, damu, sahani, vidonge. Paa, ambalo nitamwangushia Solange: maneno ya daktari yaliyofanywa sentensi moja. Nimeisema mbele ya kioo. Nimeisema nikiosha vyungu. Sauti inashuka mahali pake na kupanda mahali pake.

Kuna tofali moja tu linalokosekana, na bila hilo nyumba yote ni maneno ya mtoto wa shule. Jina la mgonjwa. Nitalitaja? Mama amekataa. Daktari hawezi kulitoa. Ninalo mimi.

Nitalitaja. Maman Clarisse asipozuiwa atalala juu ya kitanda kilekile, atasikia tafsiri ileile, atarudi kwenye samli ileile. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Iko nyingine: nataka kuuona uso wa Solange ukianguka. Mizani yangu haidanganyi. Sababu ya pili ni nzito zaidi.


Jumapili, 27 Julai

Ukumbi wa kanisa, baada ya ibada. Wanawake peke yao. Solange mbele, gauni la buluu, miguu imekunjwa kando. Mama alikuja. Sikumwomba. Aliketi karibu na dirisha.

Sala. Wimbo. Kisha Maman Clarisse akasema kuna jambo la kumaliza kwanza, akanitazama.

Nilisimama. Nilifungua mlango wa hotuba yangu: ndiyo, nilimwaga, na ninaomba radhi kwa mikono iliyokamua. Minong'ono ya kuridhika. Nikaingia ukumbini. Nikasema kwamba kuna mwanamke kati yetu anayewaambia wanawake walionyonywa mafuta kwamba kolesteroli imetoka pamoja nayo, na kwamba watupe vidonge, na kwamba wale wapendavyo. Nikaeleza kuhusu ini. Walinisikiliza. Niliwashika; nilihisi uzito wao mkononi kama kamba iliyokaza.

Solange hakusimama. Aliinua kidole tu, kama mwanafunzi mwema.

"Pardon. Taja muntu moya. Moya tu, mwenye niliharibu."

Alikuwa akinitazama mimi. Hakumtazama Mama hata kwa kope. Akatabasamu. Alikuwa amejificha nyuma ya mama yangu kama mtu anavyojificha nyuma ya mlango wa nyumba isiyo yake.

"Moya," alirudia. "Ao hakuna?"

Nilifungua mdomo. Ukweli uandikwe hapa hata kama hautasomwa popote: nilikuwa na jina la Mama ulimini. Silabi ya kwanza ilikuwa imekwisha kukaa mahali pake.

Kiti kikakwaruza sakafu karibu na dirisha.

"Ni miye."

Mama alisimama akishika kiti cha mbele yake.

"Hakukuwaka uvimbe. Nilienda Kigali kutosha mafuta ya tumbo. Niliwadanganya. Mukaniletea chakula kama mzazi, na miye nikakula, juu ya kuogopa kusema. Mafuta ilitoka, ni kweli, niliiona. Damu ilibakia ile ile. Vidonge niliacha. Sasa moyo inachoka nikipanda mulima." Akavuta pumzi. "Maman Clarisse, samli yako iko muzuri. Haukufanya mubaya. Lakini usiniletee tena. Na usiende kule ukizani utarudi na damu mupya."

Akakaa.

Ilikuwa hotuba fupi. Haikuwa na mlango wala paa. Yangu yote ilibaki nimeishika mikononi, na hakuna aliyeihitaji.

Nikamgeukia Solange, niuone uso ule ukianguka, niliokuwa nikiungoja kwa wiki mbili. Naye alikuwa akiangalia kucha zake. Na hapo nyuma kabisa mwanamke mmoja mzee, mwenye fimbo, akauliza:

"Na iliumaka?"

Mama akasema iliuma sana. Mwingine akauliza wanapitishia wapi huo mrija. Mwingine akauliza kama ngozi haibaki kuning'inia. Mwingine akasema, "Simama tena tukuone vizuri!" na kicheko kikapasuka, cha wanawake, cha tumboni, na Mama, mama yangu aliyeapa kuhama mji, alikuwa akicheka pia huku machozi yakimtoka.

Ni Maman Clarisse tu ambaye hakucheka. Alichukua mkoba wake, akatoka. Alipopita karibu na Mama alisema, bila kusimama: "Dada, ungeniambia miye." Mlango ukajifunga nyuma yake.

Na mwisho wa mkutano wawili walikwenda kwa Solange. Niliwaona kwa macho yangu. Walikwenda kumuuliza habari za safari.


Jumatatu, 28 Julai

Nimenyang'anywa.

Nilikuwa na kesi, nilikuwa na ukumbi, nilikuwa na mshtakiwa. Nikatoka bila hukumu. Solange amefungua saluni leo saa yake ya kawaida. Nimepita makusudi upande wa pili wa barabara. Muziki wa Kilingala hadi stendi. Alinipungia mkono.

Nimepeleka malalamiko ofisi ya wilaya. Mtumishi aliyenipokea alisikiliza, akauliza kama mlalamikaji ni mimi au mgonjwa. Nikasema ni mimi. Akasema mgonjwa aje. Mgonjwa amesema haendi.

"Nilishasema mbele ya bamaman. Unataka niseme tena mbele ya nani? Prezida?"

Nina hasira na Solange. Nina hasira na mtumishi. Nina hasira na yule mzee na fimbo yake na swali lake. Nina hasira na Mama, kwa sababu alifanya kwa pumzi moja kile nilichotaka kukifanya kwa moto, na alikifanya bila kumchukia mtu yeyote.


Jumatano, 13 Agosti

Bango jipya mlangoni mwa saluni. Limeandikwa kwa mkono, kalamu nene, nyekundu. Nilivuka barabara ili nilisome.

Linasema: ushauri wa chakula baada ya operesheni, bure kwa wateja. Chini yake: operesheni haishushi kolesteroli. Usiache dawa bila daktari. Maharage, mboga, samaki wa kuchemsha. Chumvi kidogo. Tembea. Pima damu kabla na baada.

Nililisoma mara ya pili nikitafuta kosa. Hata moja. Hata la kiasi cha parachichi. Sikulipata.

Mwizi! Amechukua aibu ya mama yangu, ameinyoosha, ameitundika mlangoni iwe biashara. Wanawake wanasimama, wanasoma, wanaingia. Solange alitoka na kitana mkononi akanikuta pale.

"Iko vizuri?" aliuliza. Kwa dhati, nadhani. Hilo ndilo linalonichoma. "Kama kuna kitu ilibakia, uniambie, niongeze."

Nilitaka kumtemea mate. Nikamwambia ameacha mawese.

Akaingia ndani, akarudi na kalamu, akaandika mawese.

Kuna jambo jingine la leo. Nilipokwenda kuchukua vidonge vya Mama, Maman Clarisse alikuwa kwenye foleni ya kupima damu, na sura ya mtu ambaye hajala tangu jana. Hakunisalimia. Nami sikumsalimia. Tulikaa benchi moja, mkoba wake katikati yetu, mpaka jina lake likaitwa.


Ijumaa, 29 Agosti

Nimefunga begi. Basi la Kigali ni kesho.

Tumekuja hospitali kuchukua matokeo ya Mama, na ninaandika tukisubiri. Alitolewa damu juzi. Hatujui itasema nini. Ikiwa imeshuka, ataendelea hapa. Isiposhuka, tutapanda basi moja, yeye kwa daktari wa moyo, mimi chuoni.

Asubuhi kulikuwa na ukungu ziwani na Bukavu haikuonekana. Alikunywa uji wa mtama, akameza vidonge bila kukumbushwa. Hakuna aliyebisha hodi. Siku hizi hakuna. Nadhani wataanza tena, lakini sijui lini, na yeye haulizi.

Nilimkuta chumbani mbele ya kioo, amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe baada ya Kigali na ambalo hajawahi kulitoa nje. Bila korse, wameshamruhusu kuivua. Nilisimama mlangoni. Niliuliza kile ambacho sikuwahi kuuliza likizo nzima, nikiwa na hotuba kinywani kila siku. Kwa nini, Mama?

Alitazama chini.

"Toka nilikuzaa, sikuonaka miguu yangu. Nikisimama, ninaona tumbo. Sasa ninaiona." Akasogeza vidole vya miguu. "Ningefanya tena. Ningekula tu vingine."

Nilitafuta hasira mahali ilipo kila siku. Ilikuwepo, lakini haikumhusu yeye.

Alinigeuzia mgongo, akakusanya nywele zake juu kwa mkono mmoja. Nikamfungia zipu. Ilipanda hadi shingoni bila kukwama.

Tukatoka. Mlimani alitembea polepole, nami nikatembea polepole.